Nani aliwanyamazisha watazamaji wa opera?

Katika miaka niliyokaa Vienna nimewasikia watu wa kwetu wakiieleza opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, kwa namna mbili tu. Wapo wanaosema ni makelele: mwanamke anapiga yowe, mwanamume anamjibu kwa yowe, na mwisho mmoja wao anakufa huku bado anaimba. Wapo wanaosema ni starehe ya matajiri, sisi haituhusu. La makelele sibishani nalo, kila mtu na masikio yake. La matajiri nalikataa, kwa sababu mimi niliingia katika Jumba la Opera la Taifa la Vienna kwa euro 3, nikitokea zamu ya asubuhi jikoni hotelini, na nikasimama humo usiku kucha pamoja na wanafunzi, wastaafu na waosha vyombo wenzangu.

Siri yenyewe ni tiketi za kusimama. Jumba lile lina nafasi za kusimama zaidi ya 400, na nyingine ziko chini kabisa, nyuma ya viti vya watu waliolipa mara hamsini ya ulicholipa wewe. Miaka ile ilikuwa euro 3 kwa ghorofa za juu na 4 kwa chini. Siku hizi bei imepanda, ila haijafika ya kumzuia mfanyakazi wa jikoni. Unapanga foleni ubavuni mwa jumba, dirisha linafunguliwa zaidi ya saa moja kabla ya pazia, unanunua, unapandisha ngazi mbio, unashika nafasi kwenye reli ya chuma. Halafu unafunga skafu kwenye ile reli. Ukishaifunga, hapo ni pako. Nenda kanywe maji, nenda msalani, hakuna atakayeigusa. Mimi siku ile sikuwa na skafu. Nilichomoa aproni ya kazi kwenye begi nikafunga kamba zake mbili kwa fundo, nayo ikaning'inia pale na madoa yake ya mchuzi. Mzee aliyesimama pembeni yangu, mstaafu wa shirika la reli kama nilivyokuja kujua, aliitazama ile aproni, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Kwa wenyeji wa pale, sheria ni kufunga kitu. Kitu gani ni shauri lako.

Opera yenyewe ilikuwa Rigoletto ya Giuseppe Verdi, ambayo ilioneshwa kwa mara ya kwanza Venice tarehe 11 Machi 1851. Naisimulia kwa sababu ndiyo ninayomshauri kila mtu aanze nayo. Rigoletto ni mchekeshaji wa ikulu mwenye kibyongo. Kazi yake ni kumchekesha mtawala ambaye hapitwi na mwanamke, na kuwakejeli waume na mababa wa wanawake hao. Nyumbani amemficha binti yake wa pekee, Gilda, asijulikane na mtu. Mtawala anampata. Mchekeshaji anamkodi muuaji amwondoe mtawala, na binti, ambaye bado anampenda mtu aliyemharibia maisha, anajipeleka mwenyewe kwenye kisu badala yake.

Katika tendo la tatu wapo watu wanne. Ndani ya kilabu cha pombe, mtawala anamtongoza dada wa yule muuaji, naye anamcheka usoni. Nje, gizani, Gilda anachungulia kupitia ufa na kulia, na baba yake pembeni anaapa kisasi. Wote wanne wanaimba kwa wakati mmoja. Watu wanne wakisema kwa pamoja jukwaani katika mchezo wa kawaida, hutasikia kitu. Pale nilimsikia kila mmoja: ubembelezi wa huyu, dhihaka ya yule, kwikwi za Gilda zilizokatikakatika, na sauti nzito ya baba ikipita chini yao wote. Mchezo ambao Verdi aliuchukua ulikuwa wa Victor Hugo, na inasemekana Hugo, ambaye hakufurahia hata kidogo kazi yake kugeuzwa opera, alipoisikia sehemu hii alikiri kwamba angependa naye awe na uwezo wa kuwasemesha watu wanne kwa pamoja.

Halafu lile gunia. Rigoletto anakabidhiwa maiti ndani ya gunia, anafurahi, anajiandaa kulitupa mtoni. Mara kwa mbali, nyuma ya jukwaa, anasikia mtu akiimba kale kawimbo ka kipuuzi kuhusu wanawake wasio na msimamo, ambako watu wengi wamekasikia hata kwenye matangazo ya nyanya za kopo. Ni mtawala. Yuko hai, anaenda zake. Sasa, ndani ya gunia kuna nani? Hakuna mhusika aliyetoka kumwambia Rigoletto kitu. Wimbo ndio uliomwambia. Nilishika reli kwa mikono miwili, na hapo nikaelewa kwamba muziki wa opera haupo pale kuipamba hadithi. Ukiuondoa, hadithi haisogei.

Lakini kitu kilichonisumbua njiani kurudi nyumbani kilikuwa kingine kabisa: ukimya wa watu. Ukumbi wa zaidi ya watu elfu mbili, na mtu akifungua karatasi ya pipi, vichwa sita vinageuka. Mzee wa reli alizuia kikohozi mpaka macho yakamtoka machozi. Wimbo ukiisha ndipo wanalipuka, wanapiga makofi na kupiga kelele za kumsifu mwimbaji, kisha ghafla wanazimika tena wote kwa pamoja.

Nilimpigia simu shangazi yangu Unguja. Huyu ni mtu wa taarabu tangu ujana wake. Nyimbo anazijua kwa moyo, na visa vya nyuma ya nyimbo anavijua zaidi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ehe, hiyo taarabu ya wazungu imekwendaje?"

Nikamsimulia mchekeshaji, binti, gunia. Alisikiliza vizuri, akamlaani mtawala, akasema Gilda hakuwa na mama wa kumfunda. Kisha akauliza: "Sasa huyo mwimbaji mnamtunza saa ngapi?"

"Hatumtunzi, shangazi. Tunakaa kimya mpaka amalize."

"Kimya? Kwani kuna msiba?"

Nilicheka, ila swali halikunitoka. Kwetu, wimbo ukimgusa mtu anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, noti imeinuliwa juu ili kila mtu aione, na hasa aione yule aliyekusudiwa na ubeti huo. Mwimbaji anaurudia ubeti. Nusu ya habari ya usiku ule iko jukwaani, nusu iko kwa watu. Nilidhani hiyo ndiyo tofauti kati yetu na Ulaya: sisi tunashiriki, wao wanasikiliza. Juma lililofuata, kwenye foleni, nikamuuliza mzee wa reli kwa nini watu wa opera wamekuwa wapole namna ile.

"Mlaumu Mahler," akanijibu, akacheka peke yake.

Nikaenda maktaba ya mtaani kumtafuta Mahler. Ila ukianzia kwa Mahler unaanzia mwisho, kwa hiyo nikarudi nyuma mpaka Florence.

Mwishoni mwa karne ya 16, nyumbani kwa mwungwana mmoja wa Florence aliyeitwa Giovanni de' Bardi, walikuwa wakikutana wasomi, washairi na wanamuziki wenye lalamiko moja: maneno hayasikiki. Muziki wa heshima wa wakati ule ulikuwa wa sauti nyingi zinazopishana, kila moja na njia yake, na shairi likizama katikati. Mmoja wao alikuwa Vincenzo Galilei, mpigaji wa luti (ala ya nyuzi) na baba wa Galileo yule wa nyota, ambaye mwaka 1581 alichapisha kitabu cha kuushambulia mtindo huo. Waliamini kwamba Wagiriki wa kale waliziimba tamthilia zao, na kwamba nguvu ya nyimbo zile ilikuwa kwenye neno kufika sikioni likiwa zima. Basi wakajaribu njia yao: mtu mmoja anaimba, ala chache zinamshikilia kwa chini, mwendo wa wimbo unafuata mwendo wa kusema.

Kwa hiyo sanaa ambayo leo watu wanaituhumu kwamba hawaelewi inachosema ilizaliwa ili maneno yaeleweke. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Jacopo Peri na mshairi Ottavio Rinuccini walitoa Dafne mnamo 1598, ambayo sehemu kubwa ya muziki wake imepotea. Tarehe 6 Oktoba 1600 wakatoa Euridice katika kasri la Pitti, kwenye sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na mfalme Henri IV wa Ufaransa. Ndiyo, opera ilianza kama burudani ya harusi. Mwaka 1607, huko Mantua, Claudio Monteverdi akaleta L'Orfeo, ambayo hadi leo inaoneshwa. Ni kisa cha mwimbaji anayemfuata mkewe kuzimu, akitegemea sauti yake iwalainishe walinzi wa mauti. Pale mtoni anamwimbia mvushaji wa roho, Caronte, kwa ufundi wote alionao. Caronte anasema ni kweli, wimbo mtamu, lakini huvuki. Orfeo anaendelea kuimba mpaka Caronte anapitiwa na usingizi, ndipo anaiba mashua. Mwenye kusinzia kwenye opera asione haya. Mtangulizi wake yumo ndani ya kazi ya Monteverdi.

Mpaka hapo, mwenye kulipa alikuwa mtawala, na mgeni alikuwa wa kualikwa. Mambo yaligeuka Venice mwaka 1637 pale ulipofunguliwa ukumbi wa San Cassiano, ambako yeyote mwenye fedha ya kiingilio aliweza kuingia. Ukumbi wa biashara una mahitaji yake. Familia zenye uwezo zilipanga vijumba vilivyozunguka ukumbi, ghorofa juu ya ghorofa, msimu hadi msimu, na kuvifanya sebule zao. Humo walipokea wageni, walikula, walicheza karata, walipatana mahari na kuvunja uchumba. Taa hazikuzimwa, maana watu walikwenda kuonana. Walinyamaza kidogo pale mwimbaji wanayempenda alipofika kwenye wimbo wake, wakamlazimisha aurudie, kisha wakarudi kwenye chakula. Italia ilikuwepo hata desturi ya kumpa mwimbaji wa daraja la chini wimbo wake katika muda ambao watu wako nje wananunua barafu tamu, na wimbo wa namna hiyo ukapachikwa jina la ile barafu. Waimbaji wakubwa nao walisafiri na nyimbo zao sandukuni. Kama wimbo wa mtunzi haukumpendeza mwimbaji, alitoa wake akauchomeka kwenye kisa, ulingane au usilingane.

Mjini Naples, Domenico Barbaja, aliyesimamia ukumbi wa San Carlo, alikuwa pia ndiye mwenye kibali cha michezo ya kamari, na meza za kamari zilikuwa mle mle kwenye jumba. Mwaka 1815 alipomwajiri kijana Gioachino Rossini, mkataba ulimpa mtunzi huyo mgao wa mapato ya meza hizo. Hapa Vienna kwenyewe, mtunzi Mozart alipotoa opera yake Ndoa ya Figaro mwezi Mei 1786, watu walidai nyimbo zirudiwe kwa wingi hata mchezo ukawa hauishi, na mfalme Joseph II akatoa amri kwamba nyimbo zinazoimbwa na zaidi ya mtu mmoja zisirudiwe. Nilimsomea shangazi habari hizi kwa simu. Alisema sasa hao ndio watu.

Nisije nikaonekana naupamba ule wakati. Ulikuwa na ukatili wake, na mkubwa kuliko wote ni wa wavulana. Katika miji iliyotawaliwa na Papa, wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, na popote pale watu walishaionja sauti ya mwanamume mzima inayopaa mahali pa sauti ya mtoto. Ili kuipata, wavulana wenye kuimba vizuri walihasiwa kabla sauti haijavunjika, wengi wakiwa wa familia maskini zilizotumaini kwamba mtoto atawatoa. Wachache sana walitoka. Aliyetoka kuliko wote ni Carlo Broschi, aliyezaliwa 1705 na kujulikana kwa jina la Farinelli. Mwaka 1737 aliitwa Hispania kumwimbia mfalme Felipe V, aliyekuwa ameelemewa na huzuni kiasi cha kushindwa kutawala, na Farinelli akaacha kuimba mbele ya umma akabaki katika ikulu ile miaka zaidi ya 20. Wa mwisho aliyejulikana, Alessandro Moreschi, alirekodiwa Roma mwaka 1902 na 1904. Nilizisikiliza rekodi zake kwa simu, kwenye tramu, nikitoka kazini. Si sauti ya mwanamke, si ya mtoto, si ya mwanamume. Sikuweza kuzirudia.

Sasa Mahler. Kabla yake alikuwepo Richard Wagner, mtunzi Mjerumani aliyechukizwa na sebule zote zile za vijumbani. Mwaka 1876 alifungua ukumbi wake mwenyewe mjini Bayreuth. Viti vyote vinatazama jukwaa, okestra, yaani kundi la wapigaji wa ala, imezamishwa chini isionekane, na ukumbi umetiwa giza. Ukishamweka mtu gizani, hana wa kumwonesha nguo mpya, hana wa kumkonyeza. Linalobaki ni kutazama mbele. Gustav Mahler alipoteuliwa kuliongoza jumba la Vienna mwaka 1897 alikuja na fikra hizo hizo. Aliwapiga vita watu waliokuwa wakilipwa na waimbaji ili wapige makofi, biashara iliyokuwa na wakubwa wake na bei zake. Waliochelewa aliwafungia milango. Husimuliwa kwamba mfalme Franz Joseph, mwenye jumba, alishangaa akauliza kama kweli muziki ni jambo zito kiasi hicho. Yeye alidhani upo wa kuwafurahisha watu. Mahler alidumu miaka kumi na tabia ikadumu hadi leo. Huyo ndiye aliyefanya mzee wa reli atokwe machozi kwa kuzuia kikohozi.

Ingekuwa rahisi kwangu, mtoto wa Unguja, kusema Mahler aliharibu. Kwa muda nilisema hivyo, na baa ya wafanyakazi wa hoteli ilinisikia. Kilichonibadilisha ni usiku mmoja nikiwa ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo waimbaji wanaonekana wadogo kuliko kidole. Soprano mmoja, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, alikuwa amebaki peke yake jukwaani. Akashusha sauti. Akaishusha tena. Ilifika mahali nilidhani ameacha kuimba, nikatazama mdomo wake kama bado unacheza. Ulikuwa unacheza, na sauti ilikuwa sikioni kwangu, nyembamba, nzima, bila mkwaruzo. Hakukuwa na kipaza sauti. Katika opera kipaza sauti hakipo: mtu mmoja na mapafu yake dhidi ya wapigaji sabini au themanini na ukumbi wenye kina cha shimo.

Nilitaka kujua wanafanyaje. Wataalamu wa sauti wamelipima jambo hili. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde, na ukipanda juu inapungua haraka. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hushusha koo na kulipa umbo ambalo nguvu ya sauti yake inakusanyika karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imeshalegea na ambapo sikio la binadamu ni kali sana. Kwa hiyo hashindani na okestra kwa ukubwa wa sauti. Anapita mahali ambapo yenyewe haipo. Wanawake wa sauti za juu mara nyingi hawalihitaji hilo, kwa kuwa noti za muziki wanazoimba zenyewe zimeshapanda kuivuka okestra. Mafunzo huchukua miaka mingi, na mwili wa mwimbaji wa mashaka huonekana ukiwa karibu: shingo imekaza, mabega yamepanda. Anayejua, pumzi yote iko mbavuni na shingo imelala.

Ufundi wa namna ile hauwezi kusikika penye sahani na karata. Watunzi wa baadaye waliandika ukimya ndani ya kazi zao kwa sababu walikuwa na uhakika watu wamenyamaza. Hilo tulipewa na akina Mahler, na mimi nimelipokea, ingawa bado naona Wavienna wangeweza kuruhusu pipi.

Lakini wapo watu ambao opera iliwanyamazisha kwa namna nyingine, na mtu mweusi anayesimama kwenye ile reli hukutana nao mapema. Nilikutana nao kwenye Filimbi ya Ajabu ya Mozart, iliyooneshwa Vienna kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1791. Ni opera ambayo watoto wa mji huu hupelekwa. Ndani yake yumo Monostatos, mtumishi mweusi, mshari na mwenye uchu, ambaye katika wimbo wake anasema kila kiumbe ana haki ya mapenzi ila yeye ananyimwa kwa sababu mweusi ni mbaya wa sura. Siku hizi kumbi nyingi hubadilisha maneno. Kiskrini kidogo cha tafsiri kwenye reli siku ile kilikuwa kimeyapoza, masikio yangu ya Kijerumani cha jikoni yakajua hivyo. Wanafunzi wawili mbele yangu waligeuka kunitazama, kisha wakatazama mbele upesi.

Mji huo huo, miaka hiyo hiyo, alikuwepo Angelo Soliman, Mwafrika aliyechukuliwa utotoni kutoka Afrika Magharibi, akakulia katika nyumba za wakubwa, akawa msomi, akaoa, na akawa mwanachama wa loji, yaani tawi, ya chama cha siri cha Freemason ambayo Mozart alikuwa akiitembelea. Alipofariki mwaka 1796, mwili wake ulichunwa ngozi, ikatandazwa juu ya umbo, ikavishwa manyoya na shanga na kuwekwa kwenye makumbusho ya mfalme pamoja na wanyama, huku binti yake akidai azikwe. Iliungua katika moto wa mapinduzi ya 1848. Paris nako, mwaka 1776, Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, mzaliwa wa Guadeloupe kwa mama mtumwa, mpiga fidla na mtunzi wa sifa kubwa, alitajwa kuiongoza Opera ya Paris. Wasanii wanawake wakuu wa jumba hilo walimwandikia malkia Marie Antoinette kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za chotara. Hakupewa.

New York ilichukua hadi tarehe 7 Januari 1955 ndipo Marian Anderson akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kuimba nafasi ya mhusika katika jumba la Metropolitan. Alikuwa na miaka 57, sauti imeshavuka kilele chake. Aliwafungulia wengine. Leo Afrika Kusini inatoa waimbaji ambao kumbi za Ulaya zinawagombea, na mmoja wao, Pretty Yende, aliijua opera akiwa msichana kwa kusikia kipande chake kwenye tangazo la ndege katika televisheni.

Wakati nasoma haya yote nilikuta pia kiungo cha kwetu, kidogo ila cha kweli. Jumba la opera la Cairo lilifunguliwa Novemba 1869, na opera iliyolifungua ilikuwa Rigoletto. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash alikalia kiti Unguja, na ni yeye anayesimuliwa kumtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga ganuni, akarudi na kilichokuja kuwa taarabu yetu. Kama kijana yule aliwahi hata kupita mbele ya lile jumba jioni, siwezi kusema. Nilipomwambia shangazi, yeye aliamua hapo hapo kwamba alipita, na kwamba aliingia.

Mwezi Machi 2021, wakati wa korona, kumbi za Vienna zilifungwa kwa umma, na jumba la opera likawa linarusha maonesho yake kwa intaneti bila malipo. La Traviata mpya ilitoka hivyo, Pretty Yende akiwa Violetta, mwanamke wa mjini anayekufa kwa kifua kikuu baada ya kulazimishwa kumwacha anayempenda. Nilimtumia shangazi kiungo, binamu yangu akamwekea kwenye televisheni. Hapo ndipo niliona ukimya uliopita kiasi. Yende alimaliza wimbo wa tendo la kwanza, ule wa kupanda na kupanda ambao mwishoni ukumbi mzima ungeruka, na hapakuwa na ukumbi. Okestra iliendelea. Mwimbaji alibaki amesimama na kazi yake mkononi, hakuna wa kuipokea.

Simu yangu ikaanza kutetemeka. Ujumbe wa sauti, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka Unguja. Wa kwanza ulikuwa vigelegele vitupu, vya shangazi na vya majirani aliokuwa amewaita bila kuniambia. Wa pili: "Mwanangu, mtoto wa watu kaimba namna ile, na hapana hata mmoja wa kumpa shilingi?" Wa tatu uliuliza kama yule baba wa mwanamume, anayekuja kumtaka Violetta aondoke, ana uhai wa kulaaniwa au ni wa hadithi tu.

Tangu hapo msimu mpya ukitangazwa lazima nimsomee ratiba. Majina ya opera hayamshughulishi, wala watunzi. Anataka kujua nani anaimba.